Miezi Mitatu kwa Mkwe

Likizo kubwa ya mwaka huu nilipewa cheo. Mjomba Salomon alikitangaza mbele ya sahani ya samaki waliotoka Mulongo, na kwa kuwa wote walikuwa na samaki mdomoni, hakuna aliyepinga. Mimi, Guelord, mwanafunzi wa bweni kwa mapadri, niliteuliwa kuwa konsuli wa Ubelgiji katika nyumba yetu ya Kamina. Kazi yangu ilikuwa kumhoji bibi yangu kila jioni mpaka ajue kujibu maswali ya viza bila kutetereka. Nilichaguliwa kwa sababu ya Kifaransa changu, ambacho mapadri wamekipiga pasi kwa miaka, na kwa sababu ya sura yangu, ambayo Mjomba alisema ina "ile dharau kidogo ya bantu ba biro," yaani watu wa ofisini. Nilipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu, nikaongeza samaki.

Bibi yangu tunamwita Nkambo, kama Waluba wanavyowaita wazazi wa wazazi wao. Jina lake ni Masengo. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa reli, na nyumba yetu ni moja ya zile za matofali mekundu ambazo treni ikipita vikombe husalimiana kabatini. Nkambo ndiye aliyenilea, maana biashara ya mahindi humweka mama yangu Kaniama kuliko Kamina. Kwa desturi yetu mjukuu wa kiume ni bwana wa nyanya yake, ni utani unaoruhusiwa, hivyo Nkambo huniita "bwana yangu" mbele za watu na kulalamika kwamba tangu nimwoe sijamnunulia hata kitenge kimoja.

Kitinda mimba wake ni Bijou. Bijou anaishi Liège na mume wake Kalonji, ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku. Ana mimba. Kabla ya hii alikuwa na mbili ambazo hazikufika, na nyumbani hakuna anayezitaja. Mwezi wa tano alipiga simu akasema, "Mama, naogopa," halafu mtandao ukakatika. Tangu siku ile Nkambo alikuwa mtu wa kwenda. Kwetu mama wa mzazi hakosi. Ndiye anayemwogesha mtoto, ndiye anayemkanda binti yake tumbo kwa maji ya moto na kumpikia uji, ndiye anayekesha ili mzazi alale. Mwanamke akizaa bila mama yake karibu, wenzake humtazama kama yatima, hata kama mama yu hai na ana afya ya kupanda baiskeli.

Mtaalamu wetu wa nchi za nje ni Mjomba Salomon. Aliwahi kufika Kasumbalesa na kuiona Zambia kwa macho yake, upande wa pili wa kizuizi. Kutokana na uzoefu huo alitunga mpango.

"Sikilizeni," alisema. "Bazungu banaogopa bintu mbili: muntu mwenye kuja kutumika kazi, na muntu mwenye kuja kukala, harudi. Mama, hapana kusema mambo ya mimba. Hapana kusema mutoto. Weye unaenda turisme. Unaangalia manyumba ya zamani, unakula chokola, unarudi."

"Manyumba?" Nkambo aliweka kijiko chini. "Mutoto yangu iko mu uchungu, minyi niko naangalia manyumba?"

"Iko ya kusema tu, Mama."

"Uongo ya kusema tu."

"Haiko uongo. Iko stratejia."

Nkambo alimtazama mtoto wake wa kwanza kama anavyotazama muhogo uliooza katikati, lakini hakubisha zaidi. Salomon ndiye aliyekusanya makaratasi, na aliyekusanya makaratasi hupewa nafasi ya kusema.

Konsuli alifungua ofisi kwenye dirisha la jikoni, ambalo lina wavu wa mbu na hivyo linafanana kabisa na kioo cha serikali. Niliketi ndani juu ya kreti ya bia, nimevaa tai ya shule. Nkambo alisimama nje na mkoba wake wa ibada.

"Jina?" niliuliza.

"Unalijua."

"Madame, konsuli hakujui."

"Konsuli nilimuosha matako."

"Swali la pili. Kwa nini Ubelgiji?"

"Chokola."

"Una meno?"

"Nitaramba."

"Je, unakusudia kuolewa na mfalme?"

"Anajua kulima?"

"Hatuna habari hiyo."

"Basi aendelee na ufalme yake. Bwana niko naye tayari, mwembamba, mwenye kula sana."

Viza ilikataliwa. Nilikuwa nimechonga muhuri wa muhogo mbichi na wino wa mkaa, ukisema REFUSÉ kwa herufi za heshima, nikaupiga nyuma ya mkono wake kupitia tundu la wavu. Nkambo hasomi Kifaransa. Alienda nao kwenye mazoezi ya kwaya, akawaambia kina mama kwamba ni dawa ya viungo kutoka kwa mapadri. Kesho yake wawili walikuja dirishani, wakanyoosha mikono. Mama mmoja alikuwa na magoti mabaya sana. Sikuwa na moyo wa kumrudisha mtu mgonjwa, nikampiga muhuri kila goti.

Hata hivyo konsuli mwaminifu lazima aripoti kasoro. Kila tulipofika kwenye swali lenyewe, unaenda kufanya nini, jibu la chokola lilimtoka Nkambo kama mtoto anavyotema dawa. Aliangalia pembeni. Alivuta kitambaa chake cha kichwa. Mara moja alisema "chokola" akaondoka kabisa dirishani, akaenda kupura maharage yaliyokuwa yamepurwa tayari.

Kulikuwa na swali jingine ambalo niliuliza mara nyingi kuliko Mjomba alivyoagiza.

"Utarudi?"

"Nitarudi."

"Konsuli anataka ushahidi."

Nkambo alisogeza uso mpaka pua yake ikagusa wavu. "Konsuli anataka kula. Nikiondoka nani atamupikia? Njo ile iko inamuchoma. Toka mu dirisha, bukari inapoa."

Nilikula ugali wangu. Sikukataa viza jioni ile. Niliiahirisha.

Tulikwenda Lubumbashi kwa treni, Nkambo, Mjomba na mimi, tukafikia kwa binamu wa mama. Kwanza ilibidi picha. Mpiga picha alisema kichwa wazi, masikio yaonekane, hakuna kucheka. Nkambo ni mjane, na kichwa chake hakijaonwa na mwanamume wa nje tangu mazishi. Alitutoa wote chumbani, akabaki na mpiga picha na kumwamuru apige huku yeye mpiga picha amefumba macho. Picha ilitoka vizuri sana. Ni picha ya mwanamke aliyemshinda mtu.

Kwenye ofisi ya viza Mjomba hakuruhusiwa kuingia. Aliyeruhusiwa alikuwa mimi, kama msaidizi wa mama mzee. Mjomba alinikabidhi dosie ya makaratasi kwenye lango kama askari anayekabidhi bendera. Ndani yake mlikuwa na hati ya nyumba na picha za mbuzi wetu, kila mbuzi peke yake, wametazama mbele.

Nyuma ya kioo alikuwa mwanamke wa Kikongo aliyevaa miwani, na kibao mbele yake kilisema Nathalie. Alianza kwa Kifaransa, akamtazama Nkambo, akahamia Kiswahili.

"Mama, jambo. Unaenda Bulaya kufanya nini?"

Chokola, niliomba kimoyomoyo. Mungu wa mapadri, chokola.

Nkambo aliweka mkoba wake juu ya meza iliyo mbele ya kioo. Kisha akasema, "Kutumika."

Nilitafuta shimo sakafuni. Ilikuwa sakafu nzuri, ya vigae, bila shimo.

Madame Nathalie aliacha kuandika. "Kutumika? Kazi gani, mama?"

"Kazi nguvu. Hakuna kulala."

"Nani alikupatia ile kazi?"

"Mungu."

"Kontra, karatasi ya kazi, iko?"

"Nilimuzaa. Kontra gani ingine?"

"Na banakulipa?"

Nkambo alinigeukia, amefadhaika kweli. "Bwana yangu, huyu mama alizaliwa na muntu? Mutoto yangu anilipe minyi?" Kisha akamrudia Madame Nathalie kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma aliyekosa malezi. "Ngoja nikuonyeshe."

Sikupata nafasi ya kukimbia. Aliketi kwenye kiti, akanikamata shingo, akanilaza kichwa kwenye kiwiko chake na mwili uliobaki ukaning'inia mpaka kwenye vigae. Nina urefu wa mlango. Nilikuwa na tai.

"Mutoto unamushika hivi. Kichwa hapa, kama unaiachilia inavunjika. Maji, unaweka mukono kwanza. Unaosha nyuma ya masikio, pale maziwa inajificha. Unanyoosha mukono hivi. Muguu hivi. Mutoto wa kwanza hana nguvu, na mama yake hana akili, iko analia tu. Nani atafanya ile yote? Bwana yake? Analala muchana, anatumika usiku!"

Watu waliokuwa wakisubiri walisimama ili waone vizuri. Mzee mmoja mwenye koti aliuliza, "Na huyu mutoto, halii?"

"Lia," Nkambo aliniamuru.

Nililia. Nilifanya hivyo kwa ajili ya familia.

Madame Nathalie alingoja mpaka niliposimama na kurekebisha tai. Midomo yake ilikuwa imebanwa sana. "Mama, mu dosie banaandika turisme."

"Ile iko ya Salomon. Salomon aende turisme." Halafu sauti yake ilishuka, na ilinibidi nisogee ili nisikie. "Madame, mutoto yangu alipoteza ba mbili. Hii ya tatu njo imebakia, mwezi kesho itafika. Anaogopa. Banifundisha niseme chokola, na nilijifunza, muulize huyu. Lakini siwezi kutafuta njia ya mutoto mwenye hajazaliwa kwa uongo. Uongo utamungojea kwa mulango, atoke, aukute. Kama munakatala, mukatale bile biko kweli."

Hata mzee mwenye koti aliketi.

Madame Nathalie aligeuza karatasi, polepole. "Nimesikia, mama. Lakini bamama bengi banaenda kuona bajukuu, na habarudi. Nani atajua weye utarudi?"

Hapo nilitambua zamu ya mbuzi. Nilianza kuwapanga juu ya meza, picha moja moja, wametazama mbele. Nkambo aliwafunika kwa kiganja.

"Kule nitalala wapi?" alimuuliza Madame.

"Kwa binti yako."

"Kwa binti yangu na nani?"

"Na bwana yake."

"Bwana yake iko nani yangu?"

Madame Nathalie alifikiri kidogo. "Iko bukwe yako."

"Aksanti," Nkambo akasema, akachukua mkoba wake, kama mtu ambaye kesi yake imekwisha.

Kwa asiyejua: kwetu mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuachana nafasi. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja huingia porini. Kalonji alipokuja Kamina kuleta mahari, Nkambo aliishi nyuma ya nyumba muda wote wa ugeni. Siku moja alikuwa chooni kwa jirani, Kalonji akasimama nje kuongea na wazee habari za mpira, na wazee wa Kamina wakianza mpira hawamalizi. Nkambo alibaki mle mpaka jua lilipopoa. Bijou alimpelekea chakula kupitia tundu la ukuta. Mpaka leo anamsifu mkwe wake kwa siku ile: "Hakugeuka hata mara moja. Muntu mwenye heshima."

"Bijou alinionyesha nyumba yabo mu simu," Nkambo aliendelea, na sasa nilielewa kilichokuwa kikimnyima usingizi tangu mwezi wa tano, na hakikuwa sisi wala viza. "Koridoro iko moya. Meza iko moya. Madame, choo iko moya! Minyi na bukwe yangu, choo moya! Siku yenye nitakuwa kule, siku ile ni ya haya, tangu asubuhi. Nitabeba ile haya sababu ya mutoto. Kitovu ikianguka, shingo ya mutoto ikikamata nguvu, nakimbia. Hata mukifunga mulango nitapita mu dirisha. Na weye unauliza kama nitakala?"

Nyuma yetu chumba kizima kiliangua kicheko. Madame Nathalie alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Mama, weye muntu wa wapi?"

"Kamina. Lakini banizaa Kabongo."

"Mama yangu anatoka Kabongo. Nkambo wangu akija kututembelea, papa alikuwa analala kwa jirani."

"Papa yako alilelewa muzuri."

"Lakini mwenye kukata neno haiko minyi," alisema Madame Nathalie, na sura ya ofisi ikamrudia. "Minyi naandika. Benye kukata habajui bukwe iko nini. Turisme tunaifuta, tunaandika kusaidia binti mwenye kuzaa. Bijou atume karatasi ya docteur leo. Na ile ya choo nitaiandika yote, vile ulisema. Wafwako, mama."

"Eyo vidye," Nkambo akaitikia shukrani hiyo, kwa adabu ya Kiluba, akainama kidogo mbele ya kioo.

Nje, Mjomba Salomon alisikia taarifa yangu hadi kwenye neno "kutumika," kisha akakaa chini juu ya ukingo wa barabara. Siku zilizofuata alizungumza na sisi kupitia binamu tu. "Umuambie mama kama chai iko." "Umuambie Guelord alilia vibaya." Jioni nyingine alisimama mlangoni, akaiuliza mbingu, "Alisema kutumika! Mbele ya kioo!"

Nkambo hakujitetea. Alikaa barazani na simu mapajani, akimwambia Bijou alale upande wa kushoto na asibebe ndoo. Mimi nilikaa naye. Niliona kwamba wakikataa, atarudi Kamina na mimi, bukari itakuwepo, na dirishani nitakuwa na mtu wa kumnyima viza mpaka nimalize shule. Hilo lilikuwa wazo zuri sana kwa konsuli. Halafu Bijou alikuwa akisema kitu kwenye simu, Nkambo akijibu "minyi niko, mama, minyi niko," kwa sauti ambayo mimi naijua kutoka malaria zangu zote, na wazo lile likaharibika.

Walituita siku ya mvua ndogo. Safari hii Mjomba aliingia, kwa nguvu ya kutotazama askari usoni. Madame Nathalie alipitisha pasi chini ya kioo bila neno. Nilifungua. Ukurasa ulikuwa na picha ya Nkambo, ile iliyopigwa na mtu aliyefumba macho, na pembeni yake Ubelgiji ikikubali.

Mjomba alipiga magoti pale pale. "Stratejia!" alilia. "Niliwaambia!"

"Soma," Nkambo aliniambia.

"Wamekubali. Siku tisini."

"Iko miezi ngapi?"

"Mitatu."

Aliketi. Nilidhani ni furaha, maana furaha pia huangusha watu. Lakini alinyanyuka, akanipokonya pasi, akaenda nayo dirishani, akapita mbele ya foleni yote.

"Madame. Mulinipatia nyingi."

"Namna gani, mama?"

"Miezi tatu mu nyumba ya bukwe! Nilikuambia shingo ya mutoto tu. Chukua, mupunguze. Ile ingine mupatie mama mwingine mwenye hana."

Foleni iliyokuwa ikinung'unika ilisogea isikie. Mzee mmoja alisogea mbele, tayari kupokea.

"Mama," alisema Madame Nathalie, na sasa alicheka bila kujificha, "tangu nianze hii kazi hakuna muntu alirudisha siku. Hizi haiko za kumaliza. Unaweza kurudi mbele yake."

"Hata wiki tano?"

"Hata wiki tano."

"Na habatauliza ile ingine niliipeleka wapi?"

"Habatauliza."

Nkambo alitafakari, akaikunja pasi ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mkoba. "Sawa. Lakini weye ulisikia," akanigeukia mimi, "niliwaambia kama iko nyingi."

Tulimpigia Bijou kutoka kwenye ngazi za jengo, chini ya mwavuli wa Mjomba. Alipoona sura za wote watatu zimebanana kwenye simu, alielewa kabla hatujasema, akalia, akacheka, akashika tumbo kwa mikono miwili kana kwamba mtu wa ndani naye alitaka kusikia. Nyuma yake mtu alikohoa. Ilikuwa sauti ya kiume, ya kutoka zamu. Nkambo aliruka nyuma ya mgongo wa Mjomba Salomon, akajifunika uso kwa kitenge, ilhali bara zima na bahari nzima vilikuwa katikati yake na mkwe wake.

"Mama, hakuoni!" Bijou alisema. "Alitoka tayari!"

"Anaweza kurudi!"

Jioni ile tulipokuwa tukifunga mizigo, picha iliingia kwenye simu yangu. Ilionyesha ukumbi mwembamba wa nyumba ya Liège. Toka ukutani hadi mlango wa chooni kamba ilikuwa imevutwa, na juu yake vitenge vitatu vya Bijou vimening'inizwa kuwa pazia, ili mtu aweze kupita upande mmoja asionwe na aliye upande wa pili. Nilimpa Nkambo simu. Aliitazama karibu, akaitazama mbali, akairudisha karibu.

"Nani alifunga hii?"

"Bijou anasema ni Kalonji mwenyewe. Alianza tu alipotoka kazini, hata kabla ya kulala."

Kidole chake kilifuata kamba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Inainama huku," alisema.

"Ndiyo, Nkambo."

"Na kitenge ya katikati iko kichwa chini."

"Ndiyo."

Alichukua ncha ya kitambaa chake akafuta kioo cha simu, taratibu, pande zote nne, akakitazama tena.

"Umuambie Bijou asiguse kitu," akasema. "Nitapita nyuma yake vile iko."